Chuma Kisicho na Njia ya Kutokea

Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, nilikaa mezani na madaftari matatu ya kliniki ya mdogo wangu wa kike, nikahesabu mstari mmoja mmoja siku zote alizoongezewa damu. Nilipata mifuko 47. Mfuko mmoja wa damu iliyotolewa na mtu mzima hubeba baina ya miligramu 200 na 250 za madini ya chuma, kwa hiyo nilichukua kiwango cha chini nikazidisha, nikapata miligramu 9,400, yaani gramu tisa na ushei. Asubuhi yake, nilipofika katika shule ninayofundisha kemia, nilimwomba fundi wa madawati msumari wa inchi nne, nikauweka juu ya mizani ya maabara. Ilisoma gramu 9.8.

Mtu mzima mwenye afya ana gramu tatu hadi nne tu za chuma katika mwili wake wote, na karibu theluthi mbili ya kiasi hicho imo ndani ya himoglobini, ile protini inayozipa chembe za damu wekundu wake na kuziwezesha kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Mdogo wangu ana ugonjwa wa selimundu, au siko seli kama tunavyouita majumbani, na kabla hajatimiza miaka 14 alikuwa amekwisha kupokea kwa njia ya mshipa chuma kinachozidi mara mbili kile cha mtu mzima. Karibu chote kilibaki ndani yake. Hakikuwa na namna ya kutoka, kwa sababu mwili wa binadamu una njia nyingi za kutafuta chuma na kukitunza, lakini hauna njia yoyote ya kukitoa kwa makusudi kikizidi. Figo hutoa chumvi iliyozidi, mapafu hutoa hewa chafu, ini hutengeneza nyongo ya kubebea taka. Chuma hakina kiungo kilichopewa kazi hiyo. Kinachopotea kwa siku ni miligramu moja au mbili, pamoja na ngozi inayobanduka na seli za utumbo zinazopukutika, na kiasi hichohicho ndicho utumbo unachonyonya kutoka katika chakula ili kufidia.

Naandika haya kwa sababu kwa miaka mingi sisi nyumbani hatukuyajua, na kutokuyajua kwetu kulimdhuru mtoto tuliyekuwa tukimhangaikia usiku na mchana.

Katika maneno yetu ya kila siku, damu na chuma vimekaa pamoja mpaka vimeonekana kuwa kitu kimoja. Mtu akiambiwa ana damu kidogo, watu wote humshauri kutafuta kitu cha kuongeza damu, na kitu hicho huwa ni vidonge vya chuma, dawa ya maji yenye chuma, maini, mchicha au juisi ya rozela. Ushauri huo haukutoka hewani. Wazee wa pwani walikuwa na neno safura kwa maradhi ya minyoo inayong'ang'ania utumboni na kunyonya damu siku baada ya siku, hadi mgonjwa akapauka viganja, akavimba uso na kuishiwa pumzi kwa hatua chache. Mwenye safura anapoteza damu nje ya mfumo wake, na kila tone linalopotea linaondoka na chuma chake, kwa hiyo akipewa chuma anapona. Vivyo hivyo kwa mama mjamzito, ambaye anagawana chuma chake na mtoto aliye tumboni, na vidonge anavyopewa kliniki ni vya haki kabisa.

Lakini katika selimundu damu haipotei nje. Chembe nyekundu za mtu wa kawaida huishi takriban siku 120. Za mdogo wangu, kwa kuwa himoglobini yake hujishikanisha na kuipinda chembe ikawa na umbo la mundu, huishi siku 10 hadi 20 hivi kisha zikapasuka. Zinapasukia humohumo ndani, na sehemu kubwa ya chuma chake huokotwa na kutumika tena. Macho yake ya manjano, ambayo watoto wa mtaani walikuwa wakimuuliza sababu yake, ni alama ya kazi hiyo ya kubomoa na kuokota isiyokoma. Ana upungufu wa damu mkubwa, na wakati huohuo anaweza kuwa na chuma tele. Ningependa sentensi hii isomwe mara mbili na kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii.

Alikuwa na umri wa miaka tisa pale kikombe cha chai kilipomponyoka mkononi asubuhi moja, na mama alipomwambia akiokote, tuliona mkono wa kulia hausikii. Kilikuwa kiharusi. Katika selimundu mishipa ya ubongo ya mtoto inaweza kuziba mapema namna hiyo, na njia mojawapo yenye ushahidi mzito wa kuzuia jambo hilo ni kumwongezea damu kila mwezi ili chembe za mundu zibaki chache kati ya chembe nzima. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto ambao kipimo cha mawimbi ya sauti kiliwaonyesha kuwa hatarini, wakiongezewa damu kwa utaratibu huo, hatari ya kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Nasema hivi ili mtu asije akafunga ukurasa huu akidhani kwamba damu ni adui. Ile mifuko 47, ambayo wajomba, majirani na walimu wenzangu walipanga foleni kuichangia, ndiyo iliyomrudishia mdogo wangu mkono wake, na leo anaandika kwa mkono huohuo.

Kosa lilikuwa pembeni. Katika miaka hiyohiyo minne ya kuongezewa damu, kila tulipopita katika kituo kimoja cha afya kwa homa au maumivu ya viungo, tulirudi na chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu, na mama aliitoa kwa kijiko asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Aliyeandika dawa aliona himoglobini ya gramu saba, akaandika kile ambacho angemwandikia mtoto mwingine yeyote mwenye kiwango hicho. Hakuna aliyeuliza chuma chake kiko kiasi gani, na sisi hatukujua kwamba swali hilo lipo.

Tukiufuata wenyewe mzigo huo wa chuma, tunaona mwili ulivyo na hekima na pia mahali hekima hiyo inapofikia mwisho. Chembe nyekundu inapochakaa, humezwa na seli-walaji zilizomo katika wengu, ini na uboho, ambazo huivunja himoglobini na kukitoa chuma chake. Kwa mtu wa kawaida kazi hiyo huokoa miligramu 20 hadi 25 kila siku, mara nyingi zaidi ya kile kinachotoka katika chakula. Chuma kinachohitajika hupelekwa kwenye damu na kupakiwa katika protini iitwayo transferini, ambayo ni kama punda mwenye makanda mawili, kwa maana kila moja hubeba atomi mbili tu za chuma na kuzipeleka kwenye uboho zikatengeneze chembe mpya. Kisichohitajika hufungiwa ghalani.

Ghala hilo ni protini iitwayo ferritini. Mtafiti wa Kicheki, Vilém Laufberger, aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1937 kutoka katika wengu wa farasi. Ni gamba la mviringo lililoundwa kwa vipande 24, tupu katikati, na ndani yake linaweza kuweka hadi atomi 4,500 za chuma katika hali inayofanana sana na kutu. Nimefundisha kutu kwa miaka mingi, huku nikiwaonyesha wanafunzi mabati ya paa letu yaliyoliwa na upepo wa bahari, na sikupata kuwaza kwamba ndani ya maini yetu kuna kutu iliyofungwa vizuri namna hiyo, na kwamba imefungwa kwa ajili ya usalama wetu. Chuma kilicho huru ni hatari. Mwaka 1894 mkemia Mwingereza H. J. H. Fenton alionyesha namna chuma kinavyochochea peroksidi ya hidrojeni iunguze vitu ambavyo peke yake isingeviunguza, na leo tunajua kwamba jambo hilohilo likitokea ndani ya seli huzaa chembechembe kali zinazotoboa kuta za seli na kuharibu chembe za urithi. Ferritini ipo ili chuma kisipate kukutana na peroksidi hiyo.

Ghala likijaa, magamba hayo huporomoka na kujikusanya kuwa mabonge yasiyokuwa na mpangilio, yaitwayo hemosiderini, ambayo mwili huyachimbua kwa shida zaidi. Mwaka 1867 mtaalamu wa Kijerumani, Max Perls, alibuni njia ya kuyaonyesha katika kipande chembamba cha kiungo, kwa kutumia asidi ya hidrokloriki na chumvi ya potasiamu ferosayanidi, na mahali penye chuma pakawa buluu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hufanya jambo hilohilo wanapojiandaa na mtihani wa vitendo: matone machache ndani ya neli yenye myeyusho wa rangi ya manjano hafifu, na ghafla buluu nzito inashuka kama wino. Mwaka jana nilipokuwa nikiwasimamia, nilimwona msichana mmoja ameinyanyua neli yake dirishani kuitazama, na nikalazimika kutoka nje kidogo, maana nilikuwa nimekwisha kuona picha ya ini lililopimwa kwa njia ya Perls, limejaa vidoa vya buluu hiyohiyo.

Sasa mfuko wa damu unapoingia, seli-walaji hupata, chembe hizo zitakapochakaa, miligramu 200 za ziada. Mara ya kwanza zinahimili. Mara ya kumi zinahimili kwa taabu. Baada ya mifuko 10 hadi 20 ferritini imejaa, na transferini, ambayo kwa kawaida huwa imebeba thuluthi moja hivi ya uwezo wake, inaanza kutembea ikiwa imejaa pande zote. Hapo ndipo chuma kisichokuwa na mbebaji huanza kuelea katika damu, na hicho hakingoji kukaribishwa. Kinaingia katika seli za ini, katika kongosho panapotengenezwa insulini, katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayoamuru ukuaji na balehe, na katika misuli ya moyo, ambako hupitia milango ileile inayopitisha kalsiamu kwa kila pigo.

Nimeyaona haya kwa karibu kwa mtu mwingine, ndugu yangu mtoto wa mama mdogo, aliyezaliwa na kukulia Muscat. Yeye hana selimundu. Ana thalasemia, ambayo ni ndugu wa maradhi haya, na yote mawili yapo sana Omani, na kwa njia ya ndoa yamo pia katika koo nyingi za visiwani kwetu. Katika thalasemia kali mwili unashindwa kutengeneza sehemu moja ya himoglobini, kwa hiyo chembe nyingi hufia katika uboho kabla hazijatoka, na mtoto huhitaji damu kila wiki tatu au nne tangu akiwa bado hajatembea. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la bahari, kwa kuwa wagonjwa wa kwanza kutambuliwa walitoka katika familia za pwani ya Mediterania. Thomas Cooley aliwaeleza huko Detroit mwaka 1925, na mwaka 1932 George Whipple na mwenzake Bradford wakauita ugonjwa huo thalasemia, wakaandika pia juu ya rangi isiyo ya kawaida waliyoikuta katika viungo vya watoto waliofariki.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu Whipple ndiye huyohuyo aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1934 baada ya kuonyesha kwamba mbwa waliotolewa damu hurudishiwa damu yao upesi wakilishwa maini. Kila bibi wa Kiswahili anayemchemshia mjukuu wake supu ya maini anafuata ukweli ambao Whipple aliuthibitisha. Mtu huyohuyo aliona kwa macho yake hali zote mbili: damu iliyopotea nje ikirudishwa kwa chuma, na damu iliyoharibika ndani ikiacha chuma kikizagaa viungoni. Sisi tulirithi nusu ya kwanza ya somo lake tu.

Thalasemia ina hila nyingine ambayo ilinishangaza kuliko yote. Mwili una homoni ya kufungia mlango wa chuma, iitwayo hepsidini, inayotengenezwa na ini na iliyogunduliwa katika miaka ya 2000 na 2001. Chuma kikiwa kingi, ini huiongeza, nayo hufunga matundu ambayo chuma hupitia kutoka katika utumbo kuingia katika damu. Kwa kanuni hiyo mtu aliyejaa chuma angepaswa kuwa na hepsidini nyingi. Lakini uboho wa mwenye thalasemia, unaojitahidi usiku na mchana kutengeneza chembe zisizofika popote, hutoa homoni yake yenyewe, iliyotambuliwa mwaka 2014 na kuitwa erithroferoni, na ujumbe wake kwa ini ni mmoja: fungua, tunahitaji chuma. Ini hutii. Ndiyo maana hata wale wenye thalasemia ya wastani, ambao hawajapata kuongezewa damu mara kwa mara, hukusanya chuma mwaka baada ya mwaka kutoka katika sahani zao wenyewe, na baadhi yao hushauriwa kunywa chai ya rangi pamoja na chakula, kwa kuwa chai hupunguza chuma kinachonyonywa. Kwa watu wa pwani ushauri huo hauna uzito wowote kuutekeleza.

Katika selimundu mambo yanakwenda kwa namna nyingine. Mwili wa mgonjwa umo katika uvimbe na mchochota wa kudumu, na mchochota huipandisha hepsidini, kwa hiyo chuma hubaki kimefungiwa zaidi ndani ya seli-walaji na katika ini. Wengu, ambao ungesaidia kubeba sehemu ya mzigo, kwa wagonjwa wengi huwa umekwisha kusinyaa na kufa tangu utotoni kwa kuzibwa mishipa yake. Mzigo mkubwa basi hulielemea ini, huku moyo na tezi vikichelewa kuguswa kuliko katika thalasemia. Kuchelewa si kusalimika, na ini lenyewe likijaa kwa miaka mingi hujenga makovu yasiyoondoka.

Ndugu yangu wa Muscat alikuwa mfano wa njia ile ya pili, ya moyo na tezi. Alipotutembelea Unguja akiwa na miaka 16 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka 11, sauti yake haijavunjika, na ngozi yake ilikuwa na weusi wa kijivu ambao si wa jua. Usiku alilala na mashine ndogo pembeni mwa mto, yenye bomba la sindano lililokuwa likisukumwa polepole mno, na uzi mwembamba wa plastiki ulioishia katika sindano iliyochomekwa chini ya ngozi ya tumbo. Ilikuwa ni deferoksamini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongoni na iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1960, ambayo hukikamata chuma na kukitoa. Ilibidi iingie kwa saa nane hadi kumi na mbili, usiku tano au zaidi kwa wiki. Asubuhi alinionyesha mkojo wake, wenye rangi ya chai iliyokolea ya wekundu, akaniambia, "Hicho ndicho chuma, kaka." Nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo, nikashangaa bila kuelewa.

Baadaye aliichoka ile sindano, kama wanavyoichoka vijana wengi, akawa anaikwepa bila kumwambia mama mdogo. Alipofika miaka 22 alikuwa na kisukari, na alikuwa akiamka usiku moyo unadunda bila mpango. Walimpima kwa mashine ya sumaku, kwa kipimo kiitwacho T2*, kilichotangazwa na watafiti wa London mwaka 2001, ambacho huonyesha chuma cha moyoni bila kumkata mtu: kikiwa milisekunde 20 au zaidi moyo hauna mzigo wa kutisha, kikiwa chini ya 10 hali ni mbaya. Chake kilikuwa 8. Aliwekewa dawa mbili kwa pamoja, ile ya sindano na nyingine ya vidonge iitwayo deferiproni, ambayo huingia vizuri katika misuli ya moyo lakini humtaka mgonjwa apimwe chembe nyeupe mara kwa mara kwa kuwa inaweza kuzishusha ghafla. Ilichukua miaka, lakini kipimo kilipanda. Yu hai, ana mke, na insulini anajidunga hadi leo, kwa sababu moyo unaweza kusafishwa ukarudi, ila kongosho lililounguzwa halirudi kwa urahisi.

Huyo ndiye aliyenipigia simu siku moja, nilipomweleza kwa fahari kwamba mdogo wetu sasa anaongezewa damu kila mwezi na anakunywa dawa yake ya damu bila kukosa. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Ferritini yake ngapi?"

Hatukuwa na namba hiyo, ambayo hupimwa kwenye damu ili kukisia ghala la chuma limejaa kiasi gani. Tuliposafiri kuipima, ilikuwa 4,100, katika kipimo ambacho madaktari wengi huanza kufikiria matibabu ya kutoa chuma kikipita 1,000. Daktari aliyetupokea safari hiyo alikuwa mwangalifu, akatueleza kwamba ferritini ya kwenye damu hupanda pia kwa homa na mchochota, kwa hiyo mwenye selimundu asihukumiwe kwa namba moja iliyochukuliwa akiwa katika maumivu. Ipimwe akiwa mzima, irudiwe, na mwelekeo wake ndio uaminiwe. Mahali penye uwezo, chuma cha ini hupimwa kwa mashine ya sumaku. Dawa ya maji aliisimamisha papo hapo.

Watu huuliza kwa nini asitolewe damu tu, ili chuma kitoke nayo. Kwa wale wenye maradhi ya kurithi ya kunyonya chuma kupita kiasi, ambao damu yao yenyewe ni nzima, hiyo ndiyo tiba. Kwa mwenye himoglobini ya saba haiwezekani, labda kwa utaratibu wa kubadilisha damu, yaani yake ikatolewa huku ya mchangiaji ikiingia, jambo linalohitaji mifuko mingi na vifaa ambavyo kwetu ni vya kutafuta. Kilichobaki ni dawa za kukamata chuma. Mdogo wangu anatumia deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ambayo haihitaji sindano: vidonge vya kuyeyusha, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya chai, mara moja kwa siku. Chuma anachotoa hupitia zaidi katika choo. Kila mwezi hupimwa figo na ini, na mara moja kwa mwaka macho na masikio, kwa kuwa dawa hizi zina makali yake. Bei yake imetuuzia shamba dogo la karafuu, na kuna miezi haipatikani kabisa. Naumia nikifikiri kwamba Tanzania, ambako inakadiriwa watoto takriban 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, dawa hii bado ni jambo la mwenye shamba la kuuza.

Sitaki mzazi mwingine atoke hapa akaenda kumwaga chupa za chuma za watoto wote wa mtaa. Wapo watoto wenye selimundu, hasa wale ambao hawajaongezewa damu sana na wanakula kidogo, ambao wamepungukiwa chuma kweli, na hao wakipimwa na kuthibitishwa wanastahili kupewa. Hoja yangu ni kupima kwanza. Pemba tuna somo letu wenyewe: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliowapa watoto wadogo wote chuma na asidi ya foliki bila kuangalia nani anakihitaji, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi, uligundua kwamba waliopewa walilazwa au kufariki zaidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa, na sehemu yake ya chuma na foliki ikasimamishwa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika.

Tena pwani yetu ina mtego mwingine. Huko Kilifi zaidi ya nusu ya watu wamebeba aina nyepesi ya thalasemia, ile ya alfa, ambayo kama selimundu ya kubeba upande mmoja ilienea kwa kuwa humkinga mtu na malaria kali. Haiwadhuru, ila huzifanya chembe zao nyekundu kuwa ndogo, na chembe ndogo katika karatasi ya maabara ndiyo alama ileile ya kukosa chuma. Mtu wa namna hiyo anaweza kupewa vidonge vya chuma mwaka hadi mwaka kwa ugonjwa asiokuwa nao. Kipimo cha ferritini kingemaliza ubishi kwa siku moja.

Namba za mdogo wangu nimeziandika ndani ya jalada la daftari la tatu: 4,100, kisha 3,300, kisha 2,350, na ya mwezi uliopita, 1,480. Sasa ana miaka 20, damu anaongezewa mara chache tu kwa sababu anatumia pia haidroksiurea, dawa ya selimundu yenyewe, na yeye mwenyewe ndiye anayekoroga vidonge vyake kila alfajiri hadi maji yakawa meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, akavinywa, kisha akatia maji kidogo tena kusuuza glasi na kuyanywa nayo. Mama huketi pembeni akisubiri nusu saa iishe amtilie chai. Wiki iliyopita jirani alituletea chupa ya dawa kutoka Dar es Salaam, kwa mapenzi, akasema inaongeza nguvu. Mama aliipokea kwa shukrani, akavaa miwani yake, akaisogeza kwenye taa na kuanza kusoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akanigeukia na kuniuliza, "Hebu nisomee, baba. Mna chuma humu?"